Kumfunda Mwezeshaji wa Kikundi cha Tiba

Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai kusini-magharibi mwa Uganda, watu wa kawaida waliongoza vikundi vya tiba kwa wanavijiji wenzao waliokuwa na sonona, ugonjwa wa huzuni inayomwangusha mtu. Hawakuwa madaktari wala wauguzi, na kazi ya ushauri hawakuwa wameisomea. Utafiti ulihusisha vijiji 30, nusu vikapata vikundi na nusu havikupata. Wanaume waliongozwa na mwanamume, wanawake wakaongozwa na mwanamke. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na sonona kwa vigezo vya kitabibu. Baada ya wiki hizo walibaki asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyopata vikundi, asilimia 94 ya mwanzoni ilishuka hadi 54.7.

Mimi naishi Bukoba, upande huu wa mpaka wa Mutukula. Rakai kwetu ni majirani: ndizi zilezile, ziwa lilelile, na makaburi yaleyale ya miaka ya themanini, pale UKIMWI ulipoanza kuonekana pande zote mbili za mpaka. Ndiyo maana habari za vikundi vile nilizipokea kama habari za nyumbani. Nimezisikia zikitajwa kwenye warsha nyingi, na kila mara watu hushangilia hiyo asilimia 6.5. Mimi huwa nabaki na jambo jingine. Viongozi wale walipewa mafunzo ya wiki mbili. Siku zinazomtosha mtu kujifunza kuendesha pikipiki ndizo zilizomtoa mtu kwenye kazi za mradi wa kijiji na kumweka mbele ya watu wanane waliokata tamaa, na watu hao wakapata nafuu. Nini kilifanyika ndani ya wiki hizo mbili?

Tiba waliyofundishwa inaitwa tiba ya mahusiano. Ilianzishwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman, na msingi wake unaeleweka hata na bibi yangu: huzuni inayoangusha mtu mara nyingi huanzia kwenye jambo lililotokea kati yake na watu wake. Kafiwa. Anagombana na mtu wa karibu. Maisha yamebadilika, ameolewa mbali, amefukuzwa kazi, amepimwa na kukutwa na ugonjwa. Kathleen Clougherty na Helen Verdeli wa Columbia University, New York, ndio walioirekebisha kwa vikundi vya Masaka na Rakai na kuwafundisha viongozi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa vikundi, ukiwa umefupishwa hadi mikutano minane, na mtu yeyote anaweza kuupata bure.

Kwa hiyo maarifa yapo, yameandikwa, na hayana siri. Tatizo liko kwingine. Kazi yangu ni kuwafunza wawezeshaji wa vikundi vya namna hii, na nimekaa na washiriki waliousoma mwongozo huo ukurasa kwa ukurasa, wakajibu maswali yote ya mtihani, na walipowekwa mbele ya duara wakafanya kinyume chake kwa dakika zote za mkutano. Hawakuwa wavivu. Hakuna aliyewapa nafasi ya kuyajaribu kwa mdomo na mwili yale waliyoyasoma. Ninachokiamini, baada ya miaka ya kazi hii, ni kwamba mwezeshaji wa kikundi hafundishwi kwa mada. Anafundishwa kwa mazoezi yaliyopangwa, moja baada ya jingine, yenye kanuni, muda na mtu wa kumtazama, na hurudia zoezi lilelile mpaka tabia yake ya zamani ilegee.

Na tabia hiyo ya zamani ina mizizi. Mtu wa kwetu akiambiwa aongoze duara la watu, picha anayo tayari. Amekulia kwenye vikao: kikao cha ukoo, kikao cha harusi, kikoba, mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti anafungua, anasoma ajenda, wachangiaji wananyoosha mikono, na mwisho mwenyekiti anatoa neno. Heshima yake inapimwa kwa uzito wa neno lile la mwisho. Ni utaratibu mzuri ambao umetatua migogoro mingi ya mashamba na mirathi, nami sitaki kuudharau. Lakini kikundi cha tiba hakiponyi kwa neno la mwenyekiti. Kinaponya pale mjane mmoja anapomsikia mjane mwingine akisema, "Hata mimi nilikuwa siwezi kupita njia ile ya hospitali," na wa kwanza anainua uso. Mwezeshaji hawezi kuitoa sentensi hiyo hata angekuwa na shahada tatu. Kazi yake ni kuitengenezea nafasi.

Ndiyo maana zoezi letu la kwanza, kabla hata ya kueleza sonona ni nini, ni duara ndani ya duara. Washiriki wanane wanaketi katikati, waliobaki wanaketi nyuma yao. Mmoja wa walio katikati ndiye mwezeshaji, wengine wanapewa kadi fupi za kuigiza: wewe umefiwa na mdogo wako, wewe mume amehamia mjini na hapigi simu, wewe umeacha shule. Wanaendesha mkutano kwa dakika 15. Walio nje hawaruhusiwi kusema. Kila mmoja ana karatasi yenye duara la majina, na kila mtu wa ndani anapozungumza, wa nje anachora mshale kutoka kwa msemaji kwenda kwa aliyesemeshwa. Saa ikilia tunabandika karatasi zile ukutani, na hakuna haja ya mimi kutoa hotuba. Mishale yote inaelekea kwa mwezeshaji na kutoka kwake, kama njia za kijijini zinazoelekea kisimani. Baina ya wanakikundi wenyewe hakuna hata mmoja.

Kisha tunarudia, kadi zilezile, mwezeshaji yuleyule, kwa kanuni moja mpya: unaruhusiwa kusema, ila kila unachosema kimpeleke msemaji kwa mwenzake. "Nani mwingine limemgusa hili?" "Dada, wakati kaka anaeleza habari za mdogo wake, nimekuona umeinamisha kichwa." "Mwambie yeye mwenyewe hayo unayoniambia mimi." Wengi hukwama. Wanatafuta maneno, wanaangalia dari, wanacheka. Mzunguko wa tatu maneno yanaanza kuja, na ukutani tunapata mshale wa kwanza kati ya mwanakikundi na mwanakikundi. Nimeshuhudia watu wazima wakisimama kuutazama huo mshale kwa karibu.

Zoezi la pili linaonekana jepesi, nalo ndilo linalozua ubishi mkubwa kuliko yote. Washiriki wanakaa watatu watatu: mmoja anasimulia, mmoja anasikiliza, mmoja anatazama. Msimuliaji anaeleza jambo la kweli lililomsumbua. Msikilizaji anaruhusiwa kusema "pole", na baada ya hapo amekatazwa vitu vitatu kwa dakika tano: kushauri, kumtaja Mungu, na kusimulia yaliyompata yeye.

Ubishi huanzia kwenye hilo la pili. Nimefundisha masheikh, wainjilisti, watawa wa kike na mama zetu wa jumuiya ndogondogo, nao huniuliza kwa uchungu kabisa: mtu anayelia utamwachaje bila kumkumbusha Mungu wake? Swali lao naliheshimu, maana wengi wetu tumevuka misiba kwa imani na si kwa kitu kingine. Jibu langu ni la mpangilio wa mambo. Mwanakikundi akiileta imani yake, tunaipokea kwa mikono miwili na kumuuliza inamsaidiaje. Ila mwezeshaji akitamka "mwachie Mungu" dakika ya pili, mgonjwa huitikia "amina" na kufunga mdomo. Kwa adabu tu. Hawezi kuendelea kusema kwamba amemkasirikia marehemu, kwamba hawakuwa wakiongea, kwamba siku ile ya mwisho hakwenda hospitali kwa sababu ya nauli. Na hayo ndiyo aliyoyabeba. Tiba ya mahusiano inamtaka aliyefiwa amzungumzie marehemu mzimamzima: alikuwaje, mliishije, mazuri yake na yasiyo mazuri, siku ya kifo ilikuwaje, nani alikuwa karibu, na nani hakuwapo.

Kwa hiyo baada ya "pole" tunafundisha sentensi fupi. "Nieleze alikuwa mtu wa namna gani." "Siku ile ilikuwaje?" "Halafu?" Hilo la mwisho ni neno moja tu, na watu hushangaa linavyofungua. Mtazamaji kwenye zoezi hili ana kazi ya kuhesabu: msikilizaji ametoa ushauri mara ngapi bila kujua. Ushauri hujificha. "Umejaribu kuongea na mama mkwe?" ni ushauri uliovaa swali. "Ningekuwa wewe..." hiyo haihitaji hata maelezo.

Sasa niseme zoezi ninalolipenda kuliko yote, ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote wa Ulaya au Marekani kwa namna tunavyolihitaji sisi. Ni zoezi la kumkatiza mzee.

Fikiria binti wa miaka 24, mhudumu wa afya ya jamii, ana cheti chake na daftari lake. Kikundi chake kina akina mama wanane, wengi umri wa mama yake, mmoja umri wa bibi yake. Bibi ameanza kuongea. Ameeleza habari za shamba, amekwenda kwa shemeji, amerudi kwenye vita vya Kagera vya mwaka 1978, sasa anaeleza bei ya kahawa. Dakika 20 zimepita. Mwanamke aliyekuja leo na jicho limevimba ameketi pembeni hajasema kitu, na muda unakwisha. Binti yule anajua anapaswa kuingilia. Kila alichofundwa nyumbani kinamwambia mtoto hamkatizi mtu mzima. Miongozo iliyoandikwa mbali humwambia "mrudishe mwanakikundi kwenye mada kwa upole", basi. Upole huo una sura gani mbele ya mtu unayemwamkia shikamoo?

Tunalifanya hivi. Mshiriki mwenye umri mkubwa kuliko wote ndiye anayeigiza bibi, na anapewa amri ya kutokubali kunyamaza kirahisi. Mwezeshaji anapewa hatua nne. Ya kwanza ni ya mwili: aegemee mbele, amtazame bibi, asitazame saa wala daftari. Ya pili, aombe ruhusa kwa jina la heshima: "Bibi, niwie radhi, naomba nikukatize kidogo." Ya tatu, alishike neno moja kati ya yale aliyoyasema bibi, neno la kweli, lenye uzito: "Umesema baada ya mzee kufariki shemeji zako waliacha kuja nyumbani. Hilo neno naomba tulikalishe hapa katikati." Ya nne, alipeleke kwa mwingine: "Wapo wengine hapa waliowahi kuachwa na watu waliowategemea?" Na anamgeukia mwanamke wa pembeni kwa macho, bila kumtaja.

Hatua ya tatu ndiyo inayobeba zoezi zima. Bibi hajanyang'anywa kitu. Neno lake limechukuliwa likafanywa la kikundi, na mzee hapati heshima kubwa kuliko hiyo. Lakini ili ulishike neno hilo, inabidi uwe umesikiliza dakika zote 20, ukiwa unatafuta uzi chini ya bei ya kahawa. Mwezeshaji aliyekuwa anasubiri tu bibi amalize hana cha kushika. Hapo ndipo washiriki wanapogundua kwamba kukatiza kwa heshima ni zao la kusikiliza. Tunalirudia zoezi hili siku tatu mfululizo, kila siku bibi akiwa mkaidi zaidi. Siku moja bibi huwa ni baba, diwani mstaafu, na mwezeshaji ni msichana. Hiyo ni ngumu kuliko zote, tusidanganyane.

Kuhusu kimya sitaongea sana. Tunakaa dakika mbili kwenye duara bila mtu kusema, mara kadhaa, mpaka mwezeshaji azoee kutokijaza. Wengi wanaweza wakishaona kwamba hakuna mtu anayekufa.

Zoezi la kuuliza habari za kujiua ni la lazima, na halifanywi jioni wakati watu wamechoka. Sote tuliofundisha tunajua hofu inayoingia chumbani. Mshiriki huanza: "Je, umewahi kupata yale... mawazo yasiyo mazuri?" Mawazo yasiyo mazuri yanaweza kuwa chochote. Tunamtaka aseme wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Anasema kwa mwenzake, mwenzake anamwambia yeye, tunazunguka chumba kizima mpaka sauti iache kutetemeka. Kumuuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo. Tafiti zimelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na hofu hiyo haikuthibitika. Mara nyingi anayeulizwa hupumua, kwa sababu hatimaye mtu amelitaja.

Baada ya swali hufuata mengine kwa mpangilio: anafikiria mara ngapi, amepanga namna, anayo njia mkononi. Kwetu njia mara nyingi ni dawa ya kunyunyizia mazao, ambayo iko ndani ya nyumba. Kisha mwezeshaji anaigiza hatua zote za baadaye: hamwachi peke yake, anampigia msimamizi wake mbele yake, anatafuta ndugu mmoja anayekubalika na mgonjwa, wanakubaliana sumu itatolewa nyumbani leo na nani. Hatua hizo tunazifanya kwa miguu, mtu anasimama, anatoka, anapiga simu kweli. Kuna jambo la sheria pia ambalo mwezeshaji lazima alijue kabla ya kukaa na watu: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, imelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Wanakikundi wanalijua hilo, au wanalisikia mitaani, na wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Mwezeshaji anajizoeza kueleza mwanzoni kabisa siri itatunzwaje, na ni lini atalazimika kumshirikisha mtu mwingine ili kuokoa maisha. Anaieleza kwa maneno yake, bila kusoma.

Na kwa lugha ya kikundi. Hili nalisisitiza kwa sababu linasahaulika. Miongozo mingi inakuja kwa Kiingereza, sisi tunafundishana kwa Kiswahili, na mkutano wenyewe kijijini utafanyika kwa Kihaya, Kinyambo au Kisukuma. Mshiriki anaweza kuonekana hodari kabisa kwenye zoezi la Kiswahili, akifika kijijini akapotea, kwa kuwa maneno ya uchungu katika lugha ya mama yake hajawahi kuyatamka kama mwezeshaji. Kwa hiyo kuanzia siku ya nne mazoezi yetu yanafanyika kwa lugha ya kikundi, hata kama mimi mkufunzi sielewi kila neno. Natazama mishale. Anayeijua lugha ananieleza baadaye.

Jambo hili la kutoa tiba kwenye karatasi na kuiweka mdomoni limewahi kufanyika kwa ukubwa huko Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulieleza vikundi vya wanawake wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono. Tiba iliyotumika kwa kawaida humtaka mgonjwa aandike na kujaza karatasi nyumbani. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa yakawa ya kukariri na kusema. Wasaidizi wa kisaikolojia walioongoza vikundi nao walifundishwa wiki mbili, kisha wakaendelea kusimamiwa kwa karibu. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa na dalili za kutosha za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi, na asilimia 42 kati ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja.

Nirudi darasani, kwenye mrejesho, maana zoezi bila mrejesho ni mchezo wa kuigiza tu. Chanzo cha utaratibu huu kinanivutia. Mwaka 1946 Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, aliendesha warsha huko New Britain, Connecticut. Watafiti wake walikaa kila jioni kujadili waliyoyaona kwenye vikundi mchana. Jioni moja baadhi ya washiriki waliomba wakae wasikilize, Lewin akakubali. Mtafiti alipoeleza alichomwona mshiriki mmoja akifanya, mshiriki huyo akapinga: haikuwa hivyo. Mjadala ukawaka, na jioni zilizofuata washiriki wengi zaidi wakaja. Waligundua kwamba kujadili lililotokea muda mfupi uliopita, wahusika wenyewe wakiwa wamo, kunafundisha kuliko mada. Lewin alifariki Februari 1947, na kiangazi cha mwaka huohuo wenzake wakaanzisha mafunzo ya vikundi huko Bethel, Maine, yaliyosambaa duniani.

Kwenye warsha zetu, mtu akimaliza kuigiza, desturi ni makofi ya kilo na "umefanya vizuri sana". Makofi nayaruhusu. Hayo maneno yanayofuata siyaruhusu. Kanuni ya mrejesho kwetu ni kwamba aliyeongoza anasema kwanza: wapi alihisi kikundi kiko naye, wapi kilimponyoka. Wanafuata waliokuwa wanakikundi, wakiwa bado na hisia za kadi zao. Hawa ndio wenye habari ya thamani, kwa sababu mmoja atasema, "Uliponigeukia nilijisikia nimeonekana," na mwingine, "Nilitaka kusema, ukawa umeshaendelea." Kisha waliokuwa nje, ambao wanasema walichokiona na kukisikia tu: "Dada alipoanza kulia, ulishika karatasi." Mkufunzi ni wa mwisho na ana jambo moja, si kumi. Halafu, na hapa ndipo warsha nyingi zinapokatia, mwezeshaji anarudi kitini na kurudia dakika tatu zilezile akiwa na mrejesho ule kichwani. Asipoirudia palepale, mrejesho unabaki kuwa aibu.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana jukwaa linaloitwa EQUIP, lililozinduliwa mwaka 2022, lenye vipimo vya kutathmini watoa huduma kwa igizo dhima, kikiwamo kipimo cha kuongoza vikundi. Kila ujuzi una ngazi nne, na ngazi ya kwanza ni tabia inayoweza kumdhuru mgonjwa. Nimefurahi sana kuona ngazi hiyo imeandikwa wazi. Kwenye mazingira yetu cheti cha kuhudhuria ni cha kila aliyesaini karatasi ya mahudhurio, na mkufunzi anaona haya kumwambia mtu, "Wewe bado." Igizo linampa mkufunzi na mshiriki kitu cha kutazama pamoja. Anayemdhihaki mwanakikundi, anayefichua siri, anayemlaumu mwanamke kwa kipigo alichopata, hajafika, hata kama alama zake za mtihani ni za juu. Arudi kwenye zoezi. Wapo watakaofika wiki ijayo, na wapo wema kabisa ambao kazi yao ni nyingine.

Kuna zoezi moja ambalo wakufunzi wengi wanaliogopa: washiriki wenyewe kuwa kikundi, kwa mambo yao ya kweli. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeyatazama mafunzo haya kwa miongo mingi, anayahesabu mambo manne yanayomjenga mwezeshaji: kuwatazama wazoefu, kusimamiwa, kuwa mwanakikundi yeye mwenyewe, na kujishughulikia mwenyewe. Hilo la tatu halina mbadala. Aliyewahi kuketi kwenye duara akisubiri zamu ya kusema jambo lake, moyo ukimdunda, anajua kwa nini mwanakikundi mpya hufika amechelewa wiki ya pili. Ila tunaweka mipaka. Chagua jambo la kimo cha kati, lile unaloweza kulisema na jioni ukala chakula chako. Mfiwa wa mwezi uliopita anaruhusiwa kukaa nje kama mtazamaji. Na anakuwapo mshauri mmoja asiye mkufunzi wala mwajiri wa mtu yeyote chumbani, kwa ajili ya atakayezidiwa.

Baada ya wiki mbili, basi? Hapa ndipo fedha za miradi mingi huisha, na hapa ndipo kazi inapoanza. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya vikundi vya watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, mjini na vijijini, huko Moshi na Bungoma nchini Kenya. Watoto 640, nusu kwenye vikundi vilivyoitwa Pamoja Tunaweza, na nusu kwenye huduma za kawaida. Walioongoza vikundi hawakuwa wataalamu. Walifundishwa, wakafanya vikundi vya mazoezi, kisha wakawa na msimamizi wa hapohapo wa kukutana naye kila wiki. Tiba ilipoisha, watoto wa vikundi walikuwa wamepata nafuu kubwa zaidi kwenye maeneo matatu kati ya manne. Vijijini Moshi tofauti haikuonekana. Hilo la Moshi nawaambia washiriki wangu waziwazi, wala sioni kama linavunja moyo. Tiba ileile na mafunzo yaleyale yanaweza kufika mahali yakakuta maisha mengine, na atakayeona hilo mapema ni mwezeshaji mwenye mtu wa kuongea naye kila wiki.

Usimamizi huo nao ni zoezi lililopangwa. Mwezeshaji haji kutoa taarifa ya mahudhurio. Anakuja na dakika tano za mkutano zilizomsumbua, anaziigiza na wenzake, anapata mrejesho, anaigiza tena. Saa moja na nusu kwa wawezeshaji wanne inatosha. Kinachohitajika ni nauli yao, chumba chenye mlango unaofungika, na msimamizi ambaye naye ameongoza vikundi. Nikiletewa bajeti ya mafunzo siku hizi, naanza kusoma ukurasa wa mwisho. Nauli za usimamizi zisipokuwapo kwa miezi yote ambayo vikundi vitakutana, nairudisha kwa waandaaji na kuwaomba wapunguze idadi ya washiriki mpaka zipatikane.